Grafu Isiyofika Sanya Juu

Katika zahanati za Wilaya ya Siha, hesabu za afya huanzia kwenye vitabu vya MTUHA (mfumo wa taarifa za uendeshaji wa huduma za afya): watoto waliochanjwa, wajawazito waliohudhuria kliniki, waliopimwa kifua kikuu. Takwimu hizo hukusanywa na kuingizwa kwenye DHIS2, mfumo wa kompyuta ulioendelezwa na Chuo Kikuu cha Oslo, ambao Tanzania Bara imekuwa ikiutumia nchi nzima tangu 2013. Kutoka Sanya Juu, makao makuu ya wilaya, tarakimu hupanda hadi ngazi ya mkoa, Moshi, na wizarani Dodoma. Zinaporudi kwa wananchi, mara nyingi hurudi zikiwa grafu ndani ya ripoti.

Tatizo ni kwamba grafu ya siku hizi si picha. Ni maelekezo. Ukurasa hubeba namba, kisha skripti, kwa kawaida ya JavaScript, huiambia simu ichore nguzo hapa na mstari pale, na ioneshe idadi msomaji anapogusa. Skripti hizo aghalabu hazikuandikwa na mwenye ripoti. Zinatoka kwenye maktaba zilizotengenezwa na wengine, kama D3, iliyotolewa 2011 na Mike Bostock na wenzake wa Chuo Kikuu cha Stanford, au Plotly. Mwenye ripoti anaweza kuipachika maktaba hiyo ndani ya faili lake, kuiweka kwenye folda kando ya ripoti, au kuandika tu anwani ya seva ya mbali na kuiachia kila simu ikaichukue huko.

Wengi huchagua anwani, kwa sababu inapunguza uzito. Plotly ikipachikwa, ripoti huongezeka kwa zaidi ya megabaiti 3, na kwa msomaji wa Karansi au Ngarenairobi anayenunua bando la siku, hilo si jambo dogo. Hata hivyo faili lililopachikwa hulipiwa mara moja tu. Likishapokelewa kwa WhatsApp, linafunguka tena kesho na keshokutwa bila data yoyote, na linaweza kupitishwa kwa mwingine kwa Bluetooth. Ripoti yenye anwani haina uhakika huo: bila mtandao, msomaji huona kichwa cha habari, aya mbili tatu, na nafasi nyeupe palipotakiwa kuwa na grafu.

Watetezi wa anwani walikuwa na hoja moja nzito: kwamba simu ikishachukua D3 kwa ajili ya tovuti moja, haitaichukua tena kwa ajili ya tovuti nyingine. Hoja hiyo imekufa. Kivinjari cha Safari kilianza zamani kutenga akiba ya mafaili ya kila tovuti ili kulinda faragha, Chrome ikafuata 2020 na Firefox 2021. Leo kila tovuti huanza upya.

Folda nayo ina mtego wake. Quarto, programu inayopendwa na wachambuzi wa takwimu, isipoelekezwa vinginevyo huzalisha ripoti pamoja na folda ya mafaili saidizi. Mchambuzi hutuma ripoti kwa barua pepe, folda ikabaki kwenye kompyuta yake. Kwake kila kitu kinaonekana. Kwa aliyepokea, hakuna kitu. Dawa ni mstari mmoja wa mpangilio, embed-resources: true, unaokusanya kila kitu kwenye faili moja.

Turudi kwenye anwani ya mbali. Tarehe 12 Mei 2024, mikongo ya intaneti ya baharini ya EASSy na Seacom ilikatika, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoumia zaidi. Katika hali kama hiyo, ripoti iliyohifadhiwa kwenye seva ya Dar es Salaam inaweza kuendelea kufunguka, kwa kuwa safari yake ni ya ndani ya nchi. Lakini kama skripti yake iko ng'ambo, grafu zake hazichoreki. Namba za Siha zipo, ukurasa upo, ila mchoraji yuko nje ya nchi.

Seva ya mbali pia haina mkataba na msomaji. Google ilizima huduma yake ya zamani ya picha za grafu 2019, na kurasa zilizoitegemea zikabaki na mapengo. La hatari zaidi lilitokea Juni 2024, ilipobainika kwamba polyfill.io, anwani iliyotumiwa na tovuti zaidi ya 100,000 duniani, ilikuwa imepata mmiliki mpya mapema mwaka huo na sasa ilikuwa ikisambaza msimbo wenye nia mbaya. Wenye tovuti hawakuwa wamegusa hata herufi moja ya kurasa zao.

Jambo hili lina uzito wa pekee kwenye afya. DHIS2 inaruhusu ripoti za HTML zenye JavaScript, na skripti yoyote iliyokaribishwa kwenye ukurasa huweza kusoma kila kilichomo. Siha ndiko iliko Kibong'oto, hospitali iliyoanza 1926 na ambako matibabu ya kifua kikuu sugu yalianzia nchini mwaka 2009. Taarifa za wagonjwa wa aina hiyo hazipaswi kukaa ukurasa mmoja na skripti ya mtu asiyejulikana. Pale anwani ya nje isipoepukika, iambatane na alama ya uhakiki, ili kivinjari kilikatae faili likibadilishwa hata kidogo.

Kwa hiyo ofisi zinazotoa ripoti za umma zipachike skripti zao, au ziziweke kwenye seva ileile ya ripoti, na ziambatishe nakala ya PDF kwa ajili ya ubao wa matangazo wa zahanati. Kabla ya kutuma, mtu mmoja achukue simu ya kawaida, azime data, aifungue ripoti. Grafu isipoonekana, ripoti hiyo haijawa tayari kutolewa.