Pikapu ya kilomita 320,000: Mkulima wa Subukia ainunue au aiache?

MKULIMA wa Subukia anayepeleka viazi na kabeji katika soko la Wakulima, Nakuru, huianza siku ya soko usiku wa manane. Gari la kukodi likichelewa, bei nzuri ya alfajiri humponyoka na mazao yake huishia mikononi mwa dalali. Si ajabu, basi, kwamba akisikia pikapu inauzwa kwa bei nafuu huko Kabazi au Bahati, moyo wake huwa umekwisha kuilipia kabla hajaiona.

Kisha hutazama dashibodi na kukuta imeandikwa kilomita 320,000. Hapo washauri hugawanyika. Mmoja humwambia kwamba injini ya dizeli ndiyo kwanza imezoea kazi. Mwingine humwonya kwamba anataka kununua vyuma chakavu.

Wote wawili huenda wanakosea. Jambo la kuuliza si pikapu imekwenda kilomita ngapi, bali imebakiza ngapi, na kama hizo zilizobaki zinatosha kurudisha fedha za mnunuzi.

Mita haisemi yote

Gari lenye umri wa miaka 15 na kilomita 320,000 limekwenda wastani wa kilomita 21,000 hivi kwa mwaka, yaani kama 58 kwa siku. Hicho si kiasi cha kutisha kwa gari la kazi. Gari la umri huo huo likionyesha kilomita 90,000, maana yake ni kwamba lilikwenda kilomita 16 tu kwa siku. Hilo linawezekana, lakini linahitaji ushahidi.

Mita hurudishwa nyuma. Zile za kidijitali hubadilishwa kwa kompyuta, na nyingi za zamani zilikuwa na tarakimu tano tu, hivyo zilirejea sufuri kila zilipovuka kilomita 99,999. Kisichorudi nyuma kwa urahisi ni uchakavu. Mpira wa pedali ya klachi ukiwa umelika hadi chuma, usukani ukiwa umelainika kama kioo, na kiti cha dereva kikiwa kimebonyea upande wa mlangoni, tarakimu ndogo katika dashibodi haziaminiki.

Umri nao hupotosha. Kiwango cha KS 1515 cha Shirika la Ubora wa Bidhaa nchini (KEBS) huruhusu kuingizwa kwa magari yaliyotumika ambayo hayajapita miaka minane. Kwa hivyo gari lililosajiliwa Kenya mwaka wa 2014 linaweza kuwa liliundwa mwaka wa 2007. Mwaka wa kuundwa huandikwa katika kitabu cha usajili, kile ambacho wengi hukiita logibuku, na huo ndio wa kuhesabiwa.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Pikapu yenye kilomita 320,000 pamoja na stakabadhi za kubadilishwa kwa oili, filta na mkanda wa taimingi ni afadhali kuliko yenye kilomita 180,000 isiyo na hata karatasi moja. Injini nyingi zinazotumia mkanda huo huhitaji mpya kila baada ya kilomita 100,000 hivi. Ukikatika safarini, valvu hugongana na pistoni na injini huharibika kwa sekunde chache. Pasipo ushahidi kwamba ulibadilishwa, mnunuzi ahesabu kwamba haukubadilishwa.

Kilomita za lami na za murram

Kilomita hazilingani. Pikapu iliyokuwa ikisafiri kati ya Nakuru na Nairobi ilikimbia kwa mwendo wa sawasawa, injini ikiwa moto na gia zikibadilishwa mara chache. Iliyokuwa ikizunguka mashamba ya Waseges kwa safari za kilomita tatu tatu iliwashwa ikiwa baridi mara nyingi kila siku, ikavuta vumbi na kugongwa na mashimo. Mita zao zinaweza kufanana ilhali umri wao halisi umepishana sana.

Mzigo nao huacha alama. Pikapu ya tani moja inastahili kubeba magunia 20 ya viazi ya kilo 50, uzito ambao kanuni za viazi za mwaka wa 2019 ziliuweka kuwa kikomo cha gunia. Muuzaji anayejigamba kwamba gari lake hubeba magunia 40 bila kulalamika hajalisifu, amekiri kosa.

Ndiyo maana ukaguzi uanzie chini ya gari. Chesisi ichunguzwe nyuma ya kebu na juu ya ekseli ya nyuma, mahali ambapo mzigo huielemea zaidi. Nyufa, alama za kuchomelea, au rangi mpya iliyopakwa sehemu moja tu ni dalili mbaya. Injini inaweza kubadilishwa, lakini chesisi iliyopinda hula tairi, huvuta usukani upande mmoja na haiponi kikamilifu.

Mlima ndio mtihani

Subukia imejaliwa uwanja mzuri wa kupimia gari. Kutoka Bahati barabara huteremka hadi bondeni, na kutoka hapo hupanda tena kuelekea Nyahururu, mji ulio kiasi cha mita 2,300 juu ya usawa wa bahari. Katika mwinuko huo hewa ni nyepesi, na injini isiyo na tabo hupoteza zaidi ya sehemu moja kwa tano ya nguvu zake. Udhaifu uliojificha katika barabara tambarare za Nakuru hujitokeza hapa.

Jaribio lianze asubuhi, injini ikiwa baridi. Mnunuzi aguse boneti kwanza. Akikuta muuzaji ameshaipasha moto, aahirishe shughuli hadi siku nyingine, kwa sababu injini iliyochoka husumbua zaidi wakati wa kuwashwa ikiwa baridi.

Moshi pia una lugha yake. Moshi mweusi kidogo wakati wa kupanda mlima kwa injini kuukuu ya dizeli huweza kutokana na uhaba wa hewa, au nozeli zinazohitaji kusafishwa. Moshi wa buluu humaanisha oili inaungua. Moshi mweupe usiokoma hata baada ya injini kupata moto, huku maji ya rejeta yakipungua, huashiria kwamba gasketi ya kichwa cha injini imeungua au kichwa chenyewe kina ufa.

Kuna vipimo viwili visivyogharimu chochote. Kifuniko cha kutilia oili kifunguliwe injini ikinguruma: moshi ukitoka kwa kishindo, ringi za pistoni zimekwisha. Kijiti cha kupimia oili nacho kichomolewe: oili ikifanana na chai ya maziwa, maji yameingia humo.

Joto lifuatiliwe safari nzima. Katika mwinuko wa mita 2,100, maji yaliyo wazi huchemka kwa nyuzi 93 hivi badala ya 100. Kifuniko kizima cha rejeta huongeza shinikizo na kuyazuia yasichemke mapema, kilicholegea hakiwezi. Mnunuzi aulize pia kama themostati imo. Mafundi wengine huiondoa ili kuficha tatizo la injini kuchemka, na ikikosekana ni heri kushuku kwamba injini hiyo imewahi kuchemka.

Jaribio lifanywe na mzigo wa kilo 500 hivi, si gari tupu. Wakati wa kupanda, mngurumo wa injini ukipaa ilhali mwendo hauongezeki, klachi inateleza. Wakati wa kuteremka, gari lishushwe kwa gia nzito, na breki zipimwe mara kadhaa. Pedali inayozidi kuzama kila inapokanyagwa, au gia inayochomoka yenyewe, ni hatari kwa uhai kabla ya kuwa hasara ya fedha. Mteremko wa Subukia haumsubiri mtu kupiga simu kwa fundi.

Baada ya hayo fundi aliyeletwa na mnunuzi, wala si wa muuzaji, apime mgandamizo wa kila silinda. Silinda moja ikiachwa mbali na nyingine, matengenezo makubwa yamekaribia. Asiye na fundi anayemwamini anaweza kulipia ukaguzi wa kitaalamu, kama ule unaotolewa na AA Kenya. Ada hiyo ni ndogo ikilinganishwa na gharama ya kufungua injini.

Hesabu kabla ya furaha

Hata pikapu nzima inaweza kuwa ununuzi mbaya. Uchukuliwe mfano wa kubuni, ambao kila mkulima anaweza kuubadilisha kwa takwimu zake.

Pikapu inauzwa Sh600,000. Mnunuzi anatenga sehemu moja kwa tano ya bei hiyo, Sh120,000, kwa tairi, mkanda, breki na mengine ya mwanzo. Jumla ni Sh720,000. Kukodi gari hadi Nakuru humgharimu Sh4,000 kwa safari. Akiendesha lake mwenyewe, mwendo wa kilomita 80 kwenda na kurudi utatumia lita nane za dizeli, ambazo kwa bei ya Sh170 kwa lita ni Sh1,360.

Mkulima anayesafiri mara mbili kwa wiki hutumia Sh416,000 kwa mwaka kukodi gari. Akiwa na pikapu yake atalipa Sh141,440 za mafuta, na tuseme Sh60,000 za bima na ukaguzi pamoja na Sh120,000 za matengenezo. Ataokoa Sh94,560 tu. Atahitaji zaidi ya miaka saba na nusu kurudisha fedha zake, na hakuna fundi mwaminifu atakayemhakikishia miaka hiyo.

Jirani yake anayesafiri mara nne kwa wiki, kwa mazao yake na ya wenzake, hutumia Sh832,000 kukodi. Mafuta yake yatakuwa Sh282,880, bima na ukaguzi Sh60,000, na matengenezo tuyaongeze hadi Sh200,000. Ataokoa Sh289,120 kwa mwaka na kurudisha fedha zake kwa miaka miwili na nusu. Katika muda huo pikapu itakuwa imeongeza kilomita 41,600.

Sasa swali limepata sura. Kwa jirani, fundi anaulizwa: je, gari hili lina kilomita 42,000 za kazi ndani yake? Hilo linaweza kujibiwa kwa vipimo. Kwa mkulima wa safari mbili, au yule ambaye husafirisha mazao wakati wa mavuno pekee, jibu haliko chini ya boneti. Afadhali aendelee kukodi, au aungane na wenzake wawili wanunue kwa pamoja, kwa mkataba ulioandikwa.

Karatasi kabla ya fedha

Nambari ya chesisi na ya injini zilinganishwe na zilizo katika kitabu cha usajili, na rekodi za gari zitafutwe kwa Mamlaka ya Kitaifa ya Uchukuzi na Usalama (NTSA) kupitia eCitizen. Zisipolingana, biashara ikome hapo hapo. Pikapu pia huweza kuwa imewekwa rehani. Tangu Sheria ya Haki za Dhamana za Mali Inayohamishika ya mwaka wa 2017, madeni ya namna hiyo huweza kusajiliwa na kutafutwa, na mnunuzi asiyetafuta anaweza kunyang'anywa gari kwa deni asilolijua.

Stika ya ukaguzi isichukuliwe kuwa cheti cha afya ya injini. Pikapu, kama gari la biashara, hukaguliwa kila mwaka, lakini ukaguzi huo huangalia usalama barabarani. Hautabiri ringi za pistoni zitadumu hadi lini.

Malipo ya mwisho yaende sambamba na uhamisho wa umiliki, ambao muuzaji huuanzisha na mnunuzi kuuidhinisha katika mtandao. Sheria ya Trafiki hairuhusu gari lililouzwa kutumika barabarani zaidi ya siku 14 kabla ya mmiliki mpya kusajiliwa. Ahadi ya "tutabadilisha baadaye" imewaacha wengi na gari lisilo lao, na wauzaji wengine wakiandamwa kwa ajali za gari waliloliuza.

Mwishowe, kasoro zigawanywe mafungu mawili. Tairi, breki, klachi, shokamzoba na mkanda wa taimingi ni kasoro za kujadili. Gharama yake ipigwe na kukatwa kutoka kwa bei. Chesisi iliyopasuka, injini iliyowahi kuchemka, nambari zisizolingana na muuzaji anayekataa gari lijaribiwe mlimani ni sababu za kurudi nyumbani.

Kurudi mikono mitupu si hasara. Viazi vya wiki ijayo vitafika Nakuru kwa gari la kukodi, na zile Sh720,000 zitakuwa bado mikononi mwa mwenyewe siku itakapopatikana pikapu iliyobakiza kilomita za kutosha.