Kuanza Kinanda Ukiwa Mtu Mzima, Bila Kuchoma Pesa

Korogocho ina vijana wanaopiga muziki wa okestra tangu mradi wa Ghetto Classics uanze mwaka 2008. Lakini wewe uliye na miaka 38, unakaa Umoja ama Kayole, na bado unatamani kinanda? Inawezekana. Na kama umeimba kwaya, hauanzi sufuri, maana solfa unayoijua ndiyo hiyo hiyo. Tafuta vibonye viwili vyeusi vilivyokaa pamoja. Cheupe kilicho kushoto mwa hicho cha kwanza ni C, na hapo ndipo do yako ya kwanza.

Piano kamili ina vibonye 88. Achana nayo, hata ngazi za ploti haitapanda. Kinanda cha umeme cha vibonye 61 kinatosha kuanzia, na ukivaa hedifoni jirani hatajua unarudia mstari mmoja mara arobaini.

Pesa hupotelea hapa: tangazo mtandaoni, kinanda "ex-UK" kwa bei ya kutupa, muuzaji anasema kuna watu watatu wanakitaka, tuma deposit akushikie. Usitume. Enda ukione, iwe ni duka la Luthuli Avenue ama ni kwa mtu, na kwa mtu enda mchana mkiwa wawili. Bonyeza kila kibonye, kwanza pole, halafu kwa nguvu. Kwa kinanda kizuri sauti hubadilika. Angalia adapta pia: volti zake ziwe sawa na zilizoandikwa nyuma ya kinanda, la sivyo utakiunguza siku ya kwanza. Ukiridhika, lipa ukiwa palepale, na usome jina kabla ya kukamilisha malipo. Likiwa si la duka wala la muuzaji, simama hapo uulize.

Kenya Conservatoire of Music imefunza watu hapa Nairobi tangu 1944, ila unaweza kuanzia karibu, kwa mpiga kinanda wa kanisani kwenu. Mwezi wa kwanza mlipe kwa kila somo, si ada ya muhula mzima. Si kumshuku, ni vile haujajua kama shifti zako zitakuruhusu.

Nyumbani, dakika 15 kila jioni zinashinda saa mbili za Jumapili. Mkono wa kulia kwanza, kisha wa kushoto peke yake, halafu yote miwili polepole. Hapo kwa yote miwili ndipo mtu hukwama na kuanza kukosa masomo. Wiki hiyo mtumie mwalimu pesa yake mapema, Jumatatu.