Mboni ya Jicho na Tochi ya Zahanati: Uchunguzi wa Macho Wilayani Rungwe

Mboni ni tundu la duara lililo katikati ya airisi, yaani ile sehemu ya jicho yenye rangi, na ukubwa wake hutawaliwa na misuli miwili midogo, mmoja wa kulibana tundu hilo na mwingine wa kulitanua. Misuli hiyo hupokea amri kutoka kwenye ubongo, hivyo mboni inayosinyaa inapomulikwa huthibitisha kwa mara moja kwamba retina, utando wa nyuma unaopokea mwanga, inafanya kazi, kwamba mshipa wa fahamu unaopeleka habari ubongoni haujafa, na kwamba njia ya kurudisha amri haijakatika. Ni vigumu kutaja kipimo kingine cha macho kinachosema mengi kiasi hicho kwa gharama ya tochi moja, na ndiyo maana inasikitisha kwamba mgonjwa anayelalamika kutoona vizuri huweza kuondoka zahanati akiwa na chupa ya dawa ya matone, lakini mboni zake hazikumulikwa.

Katika wilaya ya Rungwe jambo hili lina uzito wa pekee. Mito inayoteremka kwa kasi kutoka milimani kuelekea Ziwa Nyasa, kama vile Kiwira, Mbaka na Lufilyo, ina maji yenye hewa nyingi, na katika maji ya namna hiyo huzaliana inzi wadogo weusi wanaoeneza ugonjwa wa usubi. Eneo la Tukuyu limo katika orodha ya maeneo ya Tanzania yanayojulikana kwa ugonjwa huo, na mjini Tukuyu kuna kituo cha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu. Inzi huyo huuma mchana na kuacha mwilini minyoo ambayo, ikishakomaa, hukaa katika vinundu chini ya ngozi na kuzaa vijiminyoo vichanga kwa maelfu. Katika sehemu nyingi za nchi usubi hufahamika zaidi kwa muwasho usiokwisha na ngozi inayobadilika rangi kwa mabaka kuliko kwa upofu. Hata hivyo jicho halisalimiki, na mtaalamu anayemwona mkulima aliyeishi miaka mingi kando ya mito hiyo hana budi kuukumbuka.

Vijiminyoo vinavyoingia jichoni havileti madhara makubwa vikiwa hai, bali vinapokufa huamsha uvimbe ambao ndio unaoharibu. Konea, kioo cha mbele cha jicho, huweza kuanza kufanya ukungu pembeni na upande wa chini, kisha ukungu huo ukapanda taratibu hadi mbele ya mboni. Airisi nayo ikivimba kwa muda mrefu hunata kwenye lenzi iliyo nyuma yake, na kwa kuwa kunata huko hutokea hasa upande wa chini, mboni huvutwa na kuacha uduara wake, ikawa na umbo la parachichi lililoning'inia. Nyuma ya jicho uvimbe hula retina na mshipa wa fahamu, na hapo mboni huweza kubaki na umbo lake zuri huku ikijibu mwanga kwa uvivu au isijibu kabisa.

Dawa ya ivermektini, ambayo kampuni ya Merck ilianza kuitoa bure mwaka 1987 kwa jina la Mectizan, huua vijiminyoo vichanga bila kuwaua wazazi wao, ambao huweza kuishi mwilini kwa miaka 10 hadi 15. Ndiyo sababu humezwa tena na tena kila mwaka katika kampeni za vijijini, kwa kipimo kinachokadiriwa kwa kimo cha mtu, na haitolewi kwa mtoto aliye chini ya sentimita 90, kwa mjamzito, wala kwa mgonjwa aliyezidiwa. Dawa hii huzuia uharibifu usiendelee, lakini haiwezi kuirudishia mboni umbo lake wala kuufufua mshipa uliokufa.

Si kila mboni iliyovutwa imeletwa na usubi. Mtu aliyechomwa na kijiti shambani au aliyerukiwa na kipande alipokuwa akipasua kuni, kisha mboni yake ikaonekana imechongoka kuelekea upande mmoja, huenda jicho lake limetoboka na airisi imejitokeza kuziba tundu. Jicho la namna hiyo halikandamizwi, halipakwi marhamu na halioshwi kwa dawa za miti. Hufunikwa kwa kitu kigumu kisicholigusa, mgonjwa akachomwa sindano ya pepopunda na kupelekwa bila kuchelewa Hospitali ya Wilaya ya Makandana, na kutoka hapo, ikibidi, hospitali ya rufaa jijini Mbeya, mwendo wa kilomita 70 hivi.

Kipimo chenyewe cha kumulika mboni ni chepesi, ila kina utaratibu. Mgonjwa hukaa katika chumba chenye mwanga hafifu na kutazama mbali, kwa sababu kutazama karibu peke yake hubana mboni. Mpimaji hulinganisha kwanza ukubwa wa mboni zote mbili, akijua kwamba tofauti isiyofikia milimita 1 huonekana hata kwa watu wengi wenye afya, kisha humulika jicho moja kwa sekunde 2 au 3 na kuhamishia tochi upesi kwenye jicho la pili, akirudia mara kadhaa. Mboni zote mbili zinapaswa kubaki zimebanwa. Ile inayotanuka inapofikiwa na mwanga huonyesha kwamba retina au mshipa wa fahamu wa upande huo una kasoro. Kipimo hiki hutangulia dawa yoyote ya kutanua mboni, na kwa mzee mwenye mtoto wa jicho kina thamani isiyopimika, kwa sababu mtoto wa jicho peke yake, hata akikomaa, hazuii mboni kujibu mwanga. Mgonjwa ambaye mboni yake haijibu mwanga aelezwe mapema, kabla familia haijauza mazao kwa ajili ya upasuaji, kwamba tatizo lake huenda limepita lenzi.

Mboni hutoa habari nyingine za dharura. Zikiwa ndogo kama ncha ya sindano kwa mtu aliyekuwa akipulizia dawa mazao, huku mate na jasho vikimtoka, hiyo ni sumu. Ikiwa moja imetanuka na kuganda katika jicho jekundu lenye maumivu makali na kutapika, presha ya jicho imepanda ghafla. Katika hali hizo, na katika jicho jekundu lolote, matone yenye steroidi yasitumiwe bila agizo la mtaalamu, kwani huchochea vidonda vya konea vinavyoletwa na virusi au fangasi.

Lililo kubwa kuliko yote linawahusu wazazi. Mboni ya mtoto inayong'aa nyeupe, hata ikionekana kwenye picha ya simu tu, huweza kuwa mtoto wa jicho wa kuzaliwa au saratani ya retina, ambayo ikiwahiwa hutibika na ikicheleweshwa huua. Mtoto huyo asisubiri akue wala asipelekwe kwanza kwa mganga; afikishwe kwa mtaalamu wa macho wiki hiyohiyo.