Nitrasi Oksidi katika Injini ya Gari: Oksijeni ya Mtungini na Joto la Korogwe

Kutoka Korogwe hadi Handeni ni mwendo wa kilometa 65 kwa barabara ya lami. Mji wa Korogwe uko bondeni, kando ya mto Pangani, takriban mita 300 juu ya usawa wa bahari. Handeni iko juu zaidi, na Lushoto, katika milima ya Usambara, hufikia takriban mita 1,400. Abiria apandaye kutoka bondeni hadi milimani huhisi ubaridi tu. Injini ya gari huhisi jambo jingine. Katika Lushoto kanieneo ya hewa hupungua kwa karibu sehemu moja katika nane ikilinganishwa na ile ya Korogwe, na injini ya petroli isiyo na tabo hupungukiwa nguvu kwa kadiri ileile.

Sababu yake ni nyepesi. Petroli haitoi nguvu yenyewe. Hutoa nguvu inapoungana na oksijeni. Dereva anapokanyaga mafuta, kazi kubwa anayoifanya ni kufungua mlango wa hewa, na petroli hufuata kwa kipimo. Kwa hiyo kila anayetaka kuiongezea injini nguvu hana budi kuiongezea oksijeni kwanza. Malori yanayopita Segera na Korogwe kuelekea Moshi hutumia tabo, yaani feni inayozungushwa na moshi wa injini ili kuisukumiza hewa ndani ya silinda. Magari ya mashindano, hasa Marekani na Ulaya, hutumia pia njia ya pili: gesi ya nitrasi oksidi iliyobebwa mtungini.

Gesi yenye historia ndefu

Nitrasi oksidi ilitengenezwa kwa mara ya kwanza na Joseph Priestley wa Uingereza mwaka 1772. Humphry Davy aliichunguza kwa kuivuta yeye mwenyewe, akachapisha matokeo yake mwaka 1800, na kwa kuwa humfanya mtu acheke bila sababu, ikapewa jina la gesi ya kuchekesha. Mwaka 1844 daktari wa meno Horace Wells wa Marekani aliitumia kuondoa maumivu wakati wa kung'oa jino, na hospitali huitumia kwa usingizi wa upasuaji hata leo.

Wakati wa Vita Kuu ya Pili, Wajerumani waliitia gesi hiyo katika injini za baadhi ya ndege zao za kivita, kwa mfano Messerschmitt Bf 109. Ndege zilizoruka juu sana zilikosa hewa ya kutosha, kama gari linalopanda Lushoto, ila kwa kiasi kikubwa zaidi. Oksijeni ya mtungini haijali mwinuko, na hiyo ndiyo iliyokuwa faida yake.

Kemia ya silinda

Molekuli ya nitrasi oksidi, N₂O, ina atomu mbili za nitrojeni na moja ya oksijeni. Mwanafunzi anayejua uzito wa atomu aweza kukokotoa mara moja: 16 kati ya 44, yaani asilimia 36 ya uzito wake, ni oksijeni. Hewa ya kawaida ina asilimia 23 tu. Katika joto kali la silinda molekuli hiyo huvunjika, oksijeni ikawa huru, na kuvunjika kwenyewe hutoa joto la kilojuli 82 kwa kila moli.

Petroli ikichukuliwa kuwa ni okteni tupu, mmenyuko wake huandikwa hivi:

C₈H₁₈ + 25N₂O → 8CO₂ + 9H₂O + 25N₂

Kwa hesabu hii, gramu 114 za okteni huhitaji gramu 1,100 za nitrasi oksidi, yaani uwiano wa 1 kwa 9.6. Kwa hewa ya kawaida uwiano ni 1 kwa 15 hivi. Jambo muhimu ni kwamba gesi hii haichomwi kama petroli. Haina nguvu ya kuendesha gari isipopewa petroli yake ya ziada, na hapo ndipo kazi ya fundi inapoanzia.

Tuchukulie injini ya lita 2 inayozunguka mara 6,000 kwa dakika. Katika joto la Korogwe huvuta takriban gramu 100 za hewa kwa sekunde, zenye gramu 23 za oksijeni. Fundi akiiongezea gramu 40 za nitrasi oksidi kwa sekunde, ameongeza oksijeni kwa gramu 14.5, yaani zaidi ya nusu ya ile ya kwanza. Ni lazima aongeze pia petroli isiyopungua gramu 4.2 kwa sekunde. Ikiwa theluthi moja hivi ya joto litakalopatikana hugeuka kuwa kazi, injini hupata nyongeza ya karibu nguvu za farasi 100.

Kurekebisha vipimo

Mtambo wenyewe si mgumu kuueleza. Mtungi hupeleka gesi ikiwa kimiminika hadi kwenye valvu ya umeme; valvu ya pili hupeleka petroli. Dereva anapobonyeza swichi, valvu zote mbili hufunguka pamoja, na kila kimiminika hupita katika tundu dogo, yaani jeti, kabla ya kuingia katika njia ya hewa. Ukubwa wa jeti hizo mbili ndio huamua uwiano. Petroli ikizidi kidogo, injini hupoteza nguvu kidogo na kutoa moshi mweusi. Petroli ikipungua, oksijeni hubaki bila mwenzi, joto hupanda kupita kiasi, na pistoni ya alumini, madini ambayo huyeyuka kwa nyuzi 660 za Sentigredi, huweza kutoboka katika muda wa sekunde chache. Kwa sababu hiyo mafundi wenye busara huanza na petroli iliyozidi, kisha huipunguza hatua kwa hatua huku wakizisoma plagi. Hali kadhalika, huichelewesha cheche, kwa kuwa mchanganyiko wenye oksijeni nyingi huwaka upesi zaidi, na cheche ikiwahi injini hugonga.

Joto la mahali huleta tatizo jingine. Nitrasi oksidi huchemka kwa nyuzi 88.5 chini ya sifuri. Hukaa mtungini ikiwa kimiminika kwa sababu tu imebanwa na mvuke wake wenyewe. Kwa nyuzi 20 kanieneo ya mtungi ni karibu mara 50 ya ile ya hewa ya kawaida. Kwa nyuzi 30 hufika mara 62 hivi. Katika nchi za baridi madereva huufunga mtungi blanketi la umeme ili kuupasha moto. Korogwe, katika kiangazi cha Januari na Februari, gari lililoachwa juani halihitaji blanketi. Ndani yake joto hupita nyuzi 36.4 kwa urahisi, na juu ya kiwango hicho hakuna tena mpaka kati ya kimiminika na mvuke.

Kanieneo ikipanda, gesi husukumwa kwa nguvu zaidi. Lakini wakati huohuo kimiminika hupanuka, na kila lita yake huwa nyepesi. Mambo haya mawili hupingana, na petroli haibadiliki kuyafuata. Hivyo uwiano uliopimwa alfajiri huweza kuwa mwingine kabisa saa nane mchana. Kukisia hakufai; hupasa kuwa na geji, na mtungi kukingwa na jua. Aidha, geji haionyeshi kiasi kilichobaki, kwani maadamu kuna kimiminika, kanieneo hufuata halijoto peke yake. Mtungi wa gesi ya kupikia nyumbani una tabia iyo hiyo: ili kujua kilichobaki, hupimwa uzito.

Hatari na hasara

Gereji nyingi za kuchomelea zina mtungi wa oksijeni tupu, na mtu aweza kuuliza kwa nini usitumike huo. Oksijeni tupu haina nitrojeni ya kupunguza ukali wa moto, wala haiupozi mchanganyiko kama kimiminika kinachochemka. Matokeo yake ni mlipuko, si nguvu. Ikigusana na grisi au oili katika kanieneo kubwa, huweza kuwasha moto bila cheche. Nitrasi oksidi nayo huiunguza ngozi kwa baridi, na katika chumba kilichofungwa huweza kumkosesha mtu hewa. Ile iuzwayo kwa magari mara nyingi hutiwa salfa dioksidi kidogo ili isivutwe.

Petroli yenyewe huweza kumsaliti fundi. Mafuta ya taa yakichanganywa humo, mchanganyiko hugonga upesi. Uchakachuaji huo ulienea nchini kiasi kwamba mwaka 2010 EWURA ilianza utaratibu wa kutia mafuta alama maalumu ili yatambulike. Vumbi likiziba jeti ya petroli huku ya gesi ikibaki wazi, pistoni imekwisha.

Ni faida gani basi hupatikana? Mtungi wa kilo 4.5, ukitumika kwa gramu 40 kwa sekunde, huisha kabla ya dakika mbili. Gari liendalo kilometa 120 kwa saa halitakuwa limemaliza kilometa 4, na safari ya Handeni ina kilometa 65. Katika njia hiyo kuna vijiji na wanafunzi wanaovuka barabara, ambako mwendo usizidi kilometa 50 kwa saa. Breki, matairi na usukani wa gari havikuongezewa chochote na mtungi ule. Kwa hiyo mahali pake ni uwanja wa mashindano.

Mwalimu wa kemia aweza kuwapa wanafunzi wake mlingano ulio hapo juu wausawazishe wenyewe, kisha wakokotoe uwiano wa hewa wakijua kwamba molekuli moja ya okteni huhitaji molekuli 12.5 za oksijeni. Mwalimu wa fizikia aweza kuwaonyesha geji ya mtungi wa gesi ya kupikia asubuhi na mchana, wakaandika tofauti. Asijaribu mtu kuitengeneza gesi yenyewe maabarani, kwa sababu chumvi inayotumiwa, nitrati ya amoniamu, hulipuka ikipashwa moto kupita kiasi. Na kwa fundi wa Korogwe au Handeni mwenye gari la kawaida, oksijeni ya bei nafuu kuliko zote ni ile ipitayo katika chujio la hewa lililosafishwa vumbi.