Kompyuta Zisizo na Diski Msizitupe

Wanakikundi wa Kitale na Bungoma, tuongee kidogo juu ya kompyuta kuukuu. Kikundi kikipewa kumi na ofisi fulani, mara nyingi zinafika bila diski. Mwenyewe amezitoa, maana zina barua na mishahara ya watu. Fundi anakuja, anasema nunueni diski kumi. Kabla mweka hazina hajafungua kisanduku, sikieni njia nyingine.

Diski ni ghala. Humo ndimo programu zinamokaa, na kazi zenu pia. Lakini si lazima kila nyumba iwe na ghala lake. Kompyuta moja yenye nguvu, iitwayo seva, inaweza kuzilisha zile nyingine zote kwa waya. Hapa hatuzungumzi intaneti; ni waya za humo chumbani tu.

Inakuwaje? Kila kadi ya mtandao ina namba yake ya kiwandani, kama kitambulisho. Kompyuta isiyo na diski ikiwashwa, inapiga kelele kwenye waya: mimi ni namba fulani, nani atanihudumia? Seva inaisikia, inaipa anwani, na kuitajia faili ya kuanzia. Kompyuta inaivuta hiyo faili na kuiweka katika kumbukumbu yake. Kisha inavuta kiini cha programu kuu, ambacho kinafungua ghala la seva kana kwamba ni diski ya mle ndani. Mwanafunzi akikaa hapo hataona tofauti. Akizima, kompyuta inasahau yote, lakini barua yake imebaki kwa seva.

Jambo hili si geni. Utaratibu mmoja wa kuulizana hivyo, BOOTP, uliandikwa 1985. Unaotumika sana kwenye kompyuta za kawaida unaitwa PXE. Mwaka 1999 Mmarekani Jim McQuillan alianzisha LTSP, programu ya bure inayotumia Linux, nayo ikaandikwa upya 2019. Hiyo ndiyo fundi wenu aitafute. Siku hizi kazi hufanyika katika kila kompyuta yenyewe, kwa hiyo angalieni kumbukumbu: gigabaiti 2 hivi kila moja. Zenye kidogo sana zitawasumbua.

Waya ni lazima, Wi-Fi haifai kwa kuamsha kompyuta hizi. Zote zinaungwa kwenye swichi moja, na waya mmoja usizidi mita 100. Tena fundi akumbuke kwamba kile kisanduku cha intaneti nacho hugawa anwani. Wagawaji wawili wasiopatana watawachanganya. LTSP ina njia ya kukiachia kazi hiyo.

Sasa hatari yenyewe. Seva ikilala, chumba chote kimelala, na kama hesabu za kikundi ziko humo, zimelala nazo. Stima ikipotea ghafla, au radi ya Elgon ikipiga, mtalia. Basi pesa mliyookoa kwa diski nunueni betri ya akiba ya seva, na kila wiki nakala ya kazi zote ipelekwe nyumba nyingine. Mvua ikianza kunguruma, zimeni, chomoeni.

Kama mna kompyuta mbili au tatu tu, ati kuweka seva ni kujisumbua bure. Nunueni diski.

Zikiwa nyingi, jaribuni moja kwanza. Iwasheni, mbonyeze F12 au F2, mtafute maneno PXE au LAN katika orodha ya kuanzia. Mkiyaona, iteni fundi.