Mwanga Wote wa Pango la Kitum

Simama ndani ya pango la Kitum, kwenye Mlima Elgon magharibi mwa Kitale, kisha uugeukie mlango. Nje msitu unang'aa kwa jua. Ndani kuna kuta zilizochongwa kwa pembe na ndovu wanaoingia usiku kutafuta chumvi. Jicho hupitapita huku na huku likijirekebisha, na ubongo ukaunganisha yote. Kamera hupokea mara moja tu: ukiipimia msitu, alama za ndovu humezwa na giza, ukiipimia kuta, mlango hugeuka weupe mtupu.

Ufundi wa HDR, yaani kuunganisha picha zilizopigwa kwa viwango tofauti vya mwanga, hutatua hilo. Weka kamera kwenye stendi, usibadilishe tundu la lenzi, upige picha tatu: sekunde 1/500 kwa msitu, 1/30 kwa mlango, 1/2 kwa kuta. Wapiga picha huhesabu mwanga kwa stopu, na kila stopu huuzidisha mara mbili. Hivyo stopu 10 ni mara 1,024. Programu huchukua sehemu iliyotoka vizuri katika kila picha na kuziunganisha. Mfaransa Gustave Le Gray alifanya hivyo miaka ya 1850, akitumia negativu moja ya bahari na nyingine ya mawingu. Mwaka 1997 Paul Debevec na Jitendra Malik walionyesha jinsi kompyuta inavyoweza kukokotoa mwanga halisi kutokana na picha kama hizo. Leo simu hufanya kazi hiyo kabla hujashusha mkono.

Wengi huizidisha HDR, mawingu yakawa kama masizi. Pango libaki na giza kuliko msitu, ndivyo lilivyo.

Lakini mimi nalithamini wazo la HDR zaidi kwenye harusi za Bungoma, saa saba mchana, gauni jeupe likiwa chini ya uso mweusi. Kwa miaka mingi rangi za filamu zilipimwa Marekani kwa picha za wanawake weupe, na nyuso zetu zikatoka bila macho wala tabasamu. Hata hivyo, bibi harusi anayecheza hangoji picha tatu; zikiunganishwa, atatoka na mikono minne. Basi piga moja, upunguze mwanga hadi nakshi za gauni zionekane, uhifadhi faili ghafi, kisha uuinue uso kwenye kompyuta. Kivuli huinuliwa, ila weupe uliokwisha kuungua hauna kitu cha kurudisha.