Nyumba Njema Si Mlango

Katika vitu ambavyo mwanadamu huvitafuta kwa jasho lake, kimoja kilicho kikubwa ni nyumba yake mwenyewe. Asiye na nyumba hulala kwa ruhusa ya mtu mwingine. Kodi ikichelewa hana usingizi, na mtoto wake akicheka kwa sauti huambiwa anyamaze. Mwenye nyumba hufunga mlango kwa mkono wake, na asubuhi huufungua apendapo. Basi watu huulizana: Je, nyumba humletea mwenyewe furaha kiasi gani? Wako wanaojibu ya kuwa furaha huongezeka kwa kadiri ya vyumba na mabati. Sisi twaona sivyo, na twapenda kuwaeleza wasomaji wetu sababu zake kwa mfano wa Mwika, mahali ambapo watu wameipenda nyumba tangu zamani za kale.

Mwika iko upande wa mashariki wa Mlima Kilimanjaro, katika Wilaya ya Moshi. Mtu atokaye Himo hupanda hata Marangu, kisha hufuata barabara iendayo Rombo, akapita Mamba, ndipo aingie Mwika. Akisimama mahali palipo wazi akatazama chini, huona uwanda mpana uendao hata Taveta katika nchi ya Kenya. Lakini mahali palipo wazi si pengi, kwa kuwa migomba imeifunika nchi, na nyumba nyingi hazionekani hata mtu azifikie. Huko mzee akitaka kukuonyesha utajiri wake hakuonyeshi nyumba peke yake, hukuonyesha kihamba.

Kihamba ni ardhi ya jamaa iliyoizunguka nyumba, nayo hurithiwa toka baba hata mwana. Mimea yake imekaa kama dari juu ya dari. Chini kabisa kuna magimbi, maharagwe na mboga. Juu yake kuna mibuni. Juu ya mibuni kuna migomba. Na juu ya yote kuna miti mikubwa kama mringaringa, itoayo kivuli, kuni na mbao. Wataalamu waliovichunguza vihamba vya Kilimanjaro katika miaka ya 1980 waliona ya kuwa kihamba cha wastani hakikufika eka mbili, lakini walihesabu katika vihamba hivyo aina zaidi ya 100 za mimea. Katika mwaka wa 2011 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa lilikitia kilimo cha vihamba cha Shimbwe Juu, katika wilaya hiyo hiyo ya Moshi, katika orodha ya urithi wa kilimo wa dunia.

Tazameni sasa jinsi nyumba na kihamba vinavyolishana. Ng'ombe na mbuzi hufungwa zizini karibu na nyumba, wala hawaachwi kuzurura. Hulishwa majani na vigogo vya migomba, pamoja na nyasi zinazoletwa toka mashamba ya chini. Samadi yao hurudi shinani mwa migomba. Migomba huzaa ndizi. Ndizi huwa mtori wa mama aliyejifungua, na zikiiva huchanganywa na ulezi zikawa mbege ya wageni. Hapana kitupwacho. Lakini msomaji asisahau ya kuwa nyasi hizo hazipandi mlima zenyewe. Kwa miaka mingi zimepandishwa na wanawake, mzigo juu ya kichwa, mwendo wa saa nyingi. Furaha ya nyumba ya Kilimanjaro imenunuliwa kwa shingo za akina mama, na mume asiyekumbuka jambo hili hajui bei ya nyumba yake.

Nyumba yenyewe zamani ilikuwa ya msonge, imeezekwa kwa nyasi toka kileleni hata karibu na ardhi. Ndani yake watu walikaa upande mmoja na wanyama upande wa pili. Katikati palikuwa na mafiga, na juu ya moto palikuwa na dari ya kuwekea kuni na ndizi. Kwa macho ya leo twaweza kusema ya kuwa nyumba ile ilikuwa na giza na moshi, nasi hatuwashauri watu wairudie. Moshi huumiza macho na kifua. Walakini ilikuwa na jambo moja jema: moto ulikuwa mmoja, na wote waliuzunguka. Mtoto alisikia maneno ya wazee kabla ya kulala, na mzee alijua kila siku kama mtoto amekula.

Kisha ikaja kahawa. Ililetwa mlimani na Wamisionari mwishoni mwa karne ya 19, na wenyeji wakaipanda chini ya migomba yao. Mwaka wa 1925 wakulima waliunda chama chao cha kwanza cha kahawa, na mwaka wa 1933 kikafuatwa na chama kikuu cha ushirika, yaani KNCU. Fedha za kahawa zilijenga shule, na zililipa ada za watoto. Zilibadili na nyumba pia: nyasi zikaondoka, mabati yakaja, udongo ukaondoka, matofali na saruji vikaja. Na wale watoto waliosomeshwa kwa kahawa walishuka mlimani wakaenda kutafuta kazi Moshi, Arusha, Dar es Salaam na Nairobi. Hao nao walipopata fedha hawakusahau kwao, bali walirudi kujenga.

Hapo ndipo swali letu linapokuwa gumu. Natuwafikirie watu wawili, nasi hatutawataja majina kwa kuwa ni wa mfano tu. Wa kwanza amejenga Mwika nyumba ya vyumba saba, yenye vioo madirishani na lango la chuma. Yeye mwenyewe yuko mjini. Huja mwezi wa Desemba, hulala siku kumi, kisha hufunga. Miezi mingine yote mlango una kufuli, migomba imesongwa na magugu, na buni huanguka chini bila mchumaji. Wa pili ana nyumba ya vyumba vitatu, na bati lake limeanza kutu. Asubuhi mkewe hukama, yeye hupogoa mibuni, watoto huenda shule. Jioni jirani hupita kuomba moto, akakaa hata giza likaingia. Je, ni yupi aliyepata furaha zaidi katika nyumba yake?

Hatusemi ya kuwa yule wa kwanza amefanya upumbavu. Mtu aliye mbali akijua ya kuwa ana mahali pake, moyo wake hutulia. Akiachishwa kazi ana pa kurudi. Akizeeka ana pa kukaa. Akifa ana pa kuzikwa karibu na wazee wake, maana makaburi ya Wachaga wengi yamo vihambani mwao. Na ile safari ya Desemba ina baraka yake. Mabasi hujaa, ndugu waliotawanyika hukutana, mbuzi huchinjwa, na mtoto aliyezaliwa mjini huonyeshwa mpaka wa kihamba cha babu yake. Mwacha asili ni mtumwa. Lakini nyumba iliyofungwa hutoa furaha ya kukumbuka na kutazamia tu. Haitoi furaha ya kila siku, ambayo ndiyo kubwa. Heri basi mwenye nyumba ya namna hii amweke ndani yake ndugu asiye na mahali, au amkabidhi jirani mwaminifu kihamba akilime kwa mapatano, kuliko kuwaachia panya na mchwa.

Tukiyapima hayo yote, twaona ya kuwa furaha ya nyumba hutoka katika mambo matatu. La kwanza ni kazi: mtu hukipenda kile alichokitunza kwa mikono yake. La pili ni watu: nyumba isiyo na mgeni wala mtoto ni ghala. La tatu ni amani, na hili ndilo twataka kulisema kwa urefu, kwa sababu ndilo linaloharibika upesi kuliko kuta.

Ardhi ya mlimani haiongezeki, na watu wanaongezeka. Kwa desturi ya Wachaga kifungua mimba hupewa sehemu yake ya ardhi, na kitinda mimba hubaki na nyumba ya wazazi awatunze katika uzee wao. Wana wa katikati, zamani za Wamangi, waliweza kuomba ardhi isiyokaliwa na mtu. Umangi ulikoma mwaka wa 1963, na ardhi ya namna hiyo ilikuwa imekwisha kuwa haba sana. Leo kihamba kilichomlisha babu mmoja hukatwa mara mbili, mara nne, hata pengine kila mwana hupata mahali pa kusimamisha nyumba tu, pasipo mgomba. Ndipo ndugu waliokunywa ziwa moja hugombania hatua tatu za ardhi. Nyumba kubwa ikajengwa juu ya mpaka wenye ugomvi, mwenyewe hailali kwa raha hata siku moja.

Wazee walikuwa na dawa yao. Mpaka wa kihamba ulipandwa masale, mmea wa majani marefu usiokufa upesi. Na jani la mmea huo huo lilikuwa alama ya kuomba msamaha. Aliyekosa alimpelekea mwenziwe jani la isale, na ilikuwa aibu kubwa kulikataa. Tazameni hekima yake: kitu kile kile kinachowatenga majirani ndicho kinachowapatanisha. Desturi hii haijasahauliwa, nasi twaisifu.

Lakini desturi peke yake haitoshi, na sheria nayo ijulikane. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 yakataza mume au mke kuuza au kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ya idhini ya mwenziwe. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 yasema ya kuwa haki ya mwanamke kupata ardhi, kuishika na kuitumia ni sawasawa na haki ya mwanamume. Sheria hiyo yaitambua ardhi iliyoshikwa kwa mila, na yamruhusu mwenyewe kuomba hati yake kwa Halmashauri ya Kijiji. Basi twamshauri kila mwenye kihamba afanye mambo haya angali na nguvu zake. Awakusanye wanawe, wa kiume na wa kike, awaonyeshe mipaka kwa miguu yao. Aandike wosia mbele ya mashahidi, wa ukoo na wasio wa ukoo, wala asidhani ya kuwa kuandika wosia ni kujiitia kifo. Amfikirie mke wake, ambaye pengine atabaki peke yake katika nyumba ile, asije akafukuzwa na shemeji kutoka jikoni alimopika miaka arobaini. Na ikiwa kihamba ni kidogo mno, wana wapatane mmoja akitunze kwa ajili ya wote, na wengine wasaidiwe kutafuta riziki pengine. Kihamba kizima cha watu wanne chafaa kuliko robo nne zisizomlisha mtu.

Wahenga walisema, Nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Mpita njia wa Mwika huona lango na bati, akasema, Huyu ana furaha. Lakini aliyemo ndani ndiye ajuaye kama jikoni mna moto, kama mezani mna mazungumzo, na kama ndugu wa upande wa pili wa masale humwamkia asubuhi. Ajengaye na ajenge kwa kadiri ya uwezo wake. Lakini akumbuke ya kuwa fundi humjengea kuta tu, na furaha itakayokaa ndani ya kuta hizo hana budi kuijenga yeye na watu wake, siku kwa siku.